Waje na Meno Yao

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Amefaulu! Binti yangu amefaulu, ni daktari, daktari kamili mwenye cheti na muhuri! Sijasalimu, najua, lakini daftari halisubiri salamu. Alipiga simu nikiwa naanika nguo. "Mama," akasema, "nimemaliza. Nimepita yote." Shuka la baba yake likaniponyoka likaanguka kwenye tope, nikaliacha hapo hapo nikapiga vigelegele.

Ni daktari wa mifugo. Jirani yangu wa ukuta mmoja alichungulia kuuliza kuna nini, nilipomwambia akasema, "Aa, kumbe wa ng'ombe." Nikamjibu, "Ndiyo, wa ng'ombe. Wewe ukiumwa unasema hapa panauma. Ng'ombe anasema nini? Anayemtibu mgonjwa asiyesema, huyo ndiye daktari." Akarudisha kichwa chake upande wake.

Kuanzia leo naitwa Mama Daktari. Atakayeniita lile jina jingine simwitikii, hata nyumba ikiungua.

Daftari hili ni lake la mwaka wa kwanza, alilisahau chini ya kitanda. Kurasa za mbele amechora tumbo la ng'ombe, lina vyumba vinne. Sisi tuna viwili na tumemsomesha.

Mvua zikiisha anakuja nyumbani, na walimu wake wawili na wenzake waliosoma naye. Nimeshatangaza: nitawaokea nyama. Pande zima la ng'ombe, humu humu ndani, kwa mikono hii.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Lile jina jingine afadhali niliandike nimalizane nalo.

Miaka mitano iliyopita, binti alipopata nafasi ya chuo, niliwaita watu nikaoka nyama. Ilikuwa ngumu. Nikidanganya mtaani ni sawa, lakini kwenye daftari langu mwenyewe sidanganyi. Watu walitafuna mpaka masikio yakacheza. Kabla sahani hazijaoshwa jina likawa limezunguka mtaa mzima: Mama Soli. Soli ya kiatu. Mpaka leo nikipita sokoni nasikia, "Mama Soli, karibu mboga."

Aliyelianzisha namjua. Ni wifi yangu, dada wa mume wangu, mwenye kazi ya kupikia watu sherehe. Nani mwingine mwenye ulimi mkali hivyo? Mume wangu ni mtu mpole, fundi viatu, kutwa ameinamia kazi yake, hana neno na mtu.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Wifi amekuja. Hata kiti hajakaa.

"Hongera, wifi. Shughuli hii sasa niachie mimi. Nina masufuria, nina majiko, nina wasichana sita wa sare."

"Mimi nina oveni," nikasema.

"Ile ambayo mlango wake unashikiliwa na kiti?"

"Kiti ni changu, mlango ni wangu, mtoto ni wangu."

"Mtoto ni wetu," akasema, "na wanakuja walimu wake. Watu wa vyeo, wifi. Wewe unataka wakae mezani wanavutana na nyama kama wanavuta kamba?"

Nilikuwa nimeshika mwiko, na Mungu ni shahidi nilifikiria matumizi yake mengine. Hapo mume wangu akafanya kitu asichokifanya mara nyingi, akasema. "Basi ajaribu. Ana masika yote. Jumapili ya mwisho ya Aprili, dada, uje uonje. Ikitafunika anapika yeye. Isipotafunika unapika wewe."

Isipotafunika! Mume wangu mwenyewe! Nikamwangalia, akaangalia dari.

Sawa. Nimekubali mbele yao wote wawili. Jumapili ya mwisho ya Aprili.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Jaribio la kwanza. Nilifika bucha kabla Kisu hajafungua. Kisu ndiye muuza nyama wetu, jina lake la kuzaliwa hakuna anayelijua. Miaka ishirini mimi ndiye wa kwanza kwenye foleni yake, na nataka nyama ya leo leo, ya alfajiri, ambayo ukiiwekea kiganja bado ina joto. Wanaokuja saa tano wanachukua mabaki. Mimi sili mabaki.

"Paja la nyuma," nikamwambia, "lenye mafuta kwa juu, na usinichanganyie mifupa." Akafungua mdomo, akaufunga, akakata.

Nikaitoboa nikachomeka vitunguu saumu, nikaipaka chumvi na pilipili manga, nikaisukuma ndani. Mlango wa oveni nikaufunga kwa kiti, na kati ya kiti na mlango nikaweka ule mguu wa mbao ambao mume wangu anavalishia viatu akivishona, namba arobaini na mbili, unakaa sawasawa. Saa mbili na nusu. Harufu ilitoka mpaka jirani akakumbuka ana jambo la kuniuliza.

Ilipotoka tu nikaikata, maana nyama huliwa inafuka moshi. Maji yake yakamwagika meza nzima.

Mume wangu akatafuna. Akatafuna tena. Akanywa maji.

"Inakuwaje?" nikauliza.

"Ina msimamo," akasema.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Mvua.

Alhamisi, tarehe 14 Machi

Mvua. Paa la jikoni linavuja pale pale pa mwaka jana. Nimeweka beseni.

Jumapili, tarehe 24 Machi

Jaribio la pili. Nikasema kosa ni moto mdogo, nikaufungulia mpaka mwisho. Juu ikawa mkaa, ndani ikawa mbichi kama imetoka kukatwa. Nilikuwa wa kwanza kwa Kisu kama kawaida, kwa hiyo nyama haina lawama. Jirani amepiga hodi kuuliza kama kuna kitu kinaungua. Nikamwambia roho yako.

Jumamosi, tarehe 30 Machi

Mvua siku nne mfululizo. Mume wangu hana wateja, watu wanatembea peku. Amekaa mlangoni anashona kiatu kimoja tangu asubuhi, na kila nikipita ananipisha kama mtu mwenye deni la maneno. Nadhani anajutia ile "isipotafunika" yake. Ajute.

Jumapili, tarehe 7 Aprili

Jaribio la tatu. Jirani aliniambia nipake papai bichi lililosagwa, nilaze hadi mchana, nyama italainika. Nikaona bora, labda ana moyo mzuri kuliko mdomo wake. Nje ikalainika mpaka ikawa uji. Ndani ikabaki ile ile. Umewahi kuona uji uliovaa nyama? Nimeuona mimi.

Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni nikiwa nimeishika ile trei mapajani. Beseni likawa linalia to, to, to. Mume wangu akaja akasimama nyuma yangu. Sikugeuka. "Usiseme ina msimamo," nikamwambia. Akaenda kumwaga beseni.

Jumatatu, tarehe 8 Aprili

Leo naandika kwa hasira, herufi zitanisamehe.

Binti alipiga simu. Nikamweleza majaribio yote matatu, la mkaa, la uji, kila kitu. Akacheka kidogo, halafu akauliza kwa ile sauti yake ya hospitali, "Mama, huyo ng'ombe huwa amechinjwa lini?"

"Leo leo, mwanangu! Mama yako hali nyama ya jana."

Akarudia, "Leo leo?"

"Alfajiri! Inaletwa bado inachezacheza."

"Mama, hiyo ndiyo..." Akasita. "Ungeiacha ikapumzika siku kadhaa."

Ipumzike! Imechoka nini? Nikamwambia, "Nimekupikia kabla hujaota meno, leo unanifundisha nyama?"

Na ndipo akasema lile neno. Polepole, kwa upole, kama anamwambia mwenye ng'ombe kwamba mnyama hatapona. "Mama, basi mwache shangazi apike. Mimi nataka tu kukuona umekaa na wageni, umependeza. Hakuna atakayekucheka."

Nikakata simu. Mimi! Nimemkatia simu mtoto ambaye juzi nilitaka kumtangaza kwa kipaza sauti.

Hakuna atakayekucheka. Kwa hiyo anajua walinicheka. Kwa hiyo miaka mitano hii kule chuoni alikuwa amebeba hilo jina pamoja na vitabu vyake. Nilifikiri halijafika huko. Mimi sikumsomesha aje anionee huruma. Anihurumie nikiugua. Kwenye jiko langu hapana.

Nitapika. Sijui nitaipikaje ila nitapika.

Jumatano, tarehe 10 Aprili

Mvua. Hajapiga. Mimi pia sijapiga.

Ijumaa, tarehe 12 Aprili

Leo nilikwenda kwa Kisu saa tano. Saa tano, mimi! Kusudi nimkute peke yake. Alikuwa anapangusa mzani, akashtuka kama ameona mzimu.

"Kisu," nikasema, "niambie kitu kimoja. Nyama yako ni mbaya au mimi ni mbaya?"

Akatazama kushoto na kulia. "Mama, nikisema hutanirushia kitu?"

"Sema."

"Nyama nzuri. Na wewe mzuri. Haraka ndiyo mbaya." Akakunja ngumi akaniwekea mbele ya macho. "Ng'ombe akishachinjwa misuli inajikaza hivi. Inakaa hivi, halafu taratibu inaachia." Akafungua vidole kimoja kimoja. "Wewe unaichukua ikiwa bado imekunja ngumi. Unaipeleka motoni na ngumi yake."

"Na hao wa saa tano?"

"Hao nawapa ya juzi iliyolala kwenye friji. Wanakula laini."

Nilishika meza. Miaka ishirini naamka kabla ya jogoo kwenda kununua ngumi! Miaka ishirini nawaonea huruma watu wa saa tano!

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie lini, mama? Wewe ukifika hapa huulizi, unaamuru. Ukimaliza kuamuru unaondoka."

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na majibu matatu, yote mazuri. Nikakumbuka jinsi anavyofungua mdomo kila Jumapili na kuufunga. Nikasema tu, "Jumatatu ya tarehe ishirini na mbili niwekee paja."

"Niilaze kwangu?"

"Uje umuuzie mtu? Friji ninayo."

Nyumbani nikamwandikia binti ujumbe: Ulisema kweli. Lakini mimi bado ndiye mama yako. Hazikupita dakika mbili akajibu: Ndiyo mama. Ikilala, ifute ikauke, usiifunike sana. Ikitoka motoni usiikate, iache nusu saa. Na kata kwa kukingama nyuzi za nyama, usizifuate. Nimeinakili hapa nisije nikaipoteza. Nimeisoma mara nne.

Kukingama nyuzi. Kumbe nimekuwa nikizifuata kama barabara.

Jumatatu, tarehe 22 Aprili

Nimeichukua. Kisu amenichagulia mwenyewe na nimemwacha achague, jambo ambalo nimeliandika hapa ili baadaye mtu asije akalikana. Ina tabaka jeupe la mafuta kama kidole kwa unene. Iko kwenye friji, imelala kama mkwe.

Jumatano, tarehe 24 Aprili

Nimeichungulia mara tisa. Rangi imezidi kuiva. Nikiibonyeza inabonyea.

Alhamisi, tarehe 25 Aprili

Nguzo ya umeme imeanguka barabara ya juu, mvua imeila mizizi. Wanasema mpaka wiki ijayo. Oveni ni ya gesi, haina neno, lakini friji yangu sasa ni kabati.

Jirani naye hana umeme. Kisu naye hana. Najua mtu mmoja tu mwenye jenereta, na ni yule yule ambaye Jumapili anakuja kunihukumu.

Nilikaa na hilo neno mpaka saa nane mchana. Halafu nikaifunga nyama kwa shuka safi, nikashona pembe zote kwa uzi wa nta wa mume wangu, ule wa viatu, nikaufunga fundo langu ambalo hakuna mtu mwingine analijua. Akilifungua kuchezea nyama yangu nitajua. Nikaitia kwenye beseni, beseni kichwani, nikatoka na mvua yote.

Nilimkuta uani kwake. Amevaa mabuti ya mpira, ameingia nusu mwili ndani ya sufuria kubwa, anasugua. Peke yake. Wale wasichana sita wa sare ni wawili, na mmoja alikuwa amelala na homa. Mikono yake imevimba vifundo kama tangawizi. Sijawahi kuiona mikono yake bila pete.

"Nimekuja kuomba, wifi," nikasema. Neno lilitoka kama jino.

Akanitazama nilivyolowa. Hakucheka. Akafungua friji lake kubwa, akatoa kreti mbili za soda kupisha, akaiweka nyama yangu juu kabisa. Halafu akaona ule uzi.

"Umeishona?"

Nikakamua pindo la nguo yangu.

"Unaogopa nitaitia chumvi?"

Basi nikasema. Nilikuwa nimelowa, nimechoka, nikasema yote. Kwamba mtu aliyeniita Soli mbele ya mtaa mzima anaweza kufanya lolote.

Akavua buti moja akamwaga maji, polepole. "Wifi. Mimi nauza chakula. Nikiita chakula cha familia yangu soli nitapata mteja gani? Mimi najua nini kuhusu soli? Nani ndani ya nyumba yako anashika soli kutwa nzima?"

Nilisimama pale. Mvua ilikuwa inanyesha na mimi naisikia kama iko nchi nyingine.

Mtu mpole. Hana neno na mtu.

Ijumaa, tarehe 26 Aprili

Nilimngoja amalize chai. Nikamwekea kiatu kimoja mezani, soli juu.

"Hii nini?" nikamuuliza.

Akaijua papo hapo. Alikuwa anaingoja miaka mitano, ndiyo maana alikuwa ananipisha milangoni. "Ilikuwa utani," akasema. "Nilimwambia mtu mmoja tu, tumekaa pembeni. Nikasema hii nyama ni soli, naweza kuitia msumari. Kufumba na kufumbua ikawa mtaa mzima."

"Na ukaniacha nimlaumu dada yako."

"Nilitaka kusema. Kila siku ikawa imechelewa zaidi."

Nikamwambia maneno ambayo siyaandiki, daftari hili lina michoro ya mtoto. Nilipomaliza akakigeuza kile kiatu, soli chini. Halafu akasema kwa chini, "Ile nyama ya siku ile niliimaliza mimi. Siku nne. Naificha kwenye boksi la rangi ya viatu, naila kazini, usije ukaikuta imetupwa."

Hiyo nayo nimeiandika. Lakini simsamehi bado. Nimemwambia sharti: siku ya sherehe atasimama mbele ya walimu na mtaa mzima, aseme kwa mdomo wake jina lilitoka wapi. Akasema, "Mbele ya walimu?" Nikasema, "Walimu wakae mbele kabisa."

Jumapili, tarehe 28 Aprili

Wifi ameileta mwenyewe asubuhi, kwenye gari la masufuria, imezungushiwa barafu ya biashara yake. Fundo langu liko vile vile. Nililikata kwa mkasi nikaona aibu, nikamwambia, "Ukae, wifi, chai iko tayari."

Niliitoa ikae nje saa nzima ipoteze baridi. Moto mkali kwanza mpaka juu ikapata rangi, kisha nikaushusha. Kiti, mguu wa mbao namba arobaini na mbili. Wifi akautazama ule mguu, akanitazama, akageukia dirisha mabega yanatikisika. Mume wangu hakutikisika.

Saa saba na robo ikatoka. Nikaifunika kitambaa, nikaweka saa ya ukutani mezani mbele yangu, nikakunja mikono.

"Inapoa," akasema mume wangu.

"Iache."

"Nyama huliwa inafuka..."

"Nimesema iache."

Nusu saa. Sijawahi kukaa nusu saa mbele ya chakula bila kufanya kitu tangu nizaliwe. Paa likadondosha to, to kwenye beseni, halafu nikagundua limeacha. Mvua ilikuwa imekatika. Jirani alikuwa ameegemea ukuta kwake waziwazi, hata hajifichi.

Nikaifunua. Nikatafuta nyuzi zinaelekea wapi, nikaweka kisu kwa kukingama. Kisu kikashuka chenyewe. Meza ikabaki kavu, maji yote yamekaa ndani, na katikati rangi ya waridi.

Nikampa wifi kipande cha kwanza. Akatafuna. Nilihesabu: moja, mbili, tatu. Akameza. Akafuta mdomo. Nilikuwa nimeshika pindo la meza.

"Mh," akasema, na akasogeza sahani. "Ongeza. Nisije nikahukumu kwa kipande kimoja."

Nikamwongeza. Akaongeza mara ya tatu. Kipande cha nne akakiinua kwa uma akamwonyesha kaka yake: "Hii itie msumari sasa, fundi." Mume wangu alikuwa amejaza mdomo, akatikisa kichwa tu, na machozi yalikuwa yanamtoka, na kwenye ile nyama sikuweka pilipili kali.

Jirani nikampitishia kipande juu ya ukuta. Akasema, "Mama Daktari, asante." Mama Daktari! Nilimwambia arudie, sikusikia vizuri.

Jumatatu, tarehe 29 Aprili

Jua. Nimeanika kila kitu, hata daftari hili.

Nimepita kwa Kisu saa tano. Ataniwekea mapaja matatu, na yeye mwenyewe anakuja kama mgeni, atakaa kiti cha pili kutoka kwangu. Nyama zitalala kwa wifi, bila uzi. Masufuria yake ya viazi na wale wasichana wake wawili watakuja mapema, na nimemwambia siku hiyo avae pete zote, hatasugua kitu.

Nimempigia binti. Nikamwambia, "Mama yako atakaa na wageni, na atakuwa amependeza, na nyama atakuwa ameioka yeye." Akapiga kelele kama mtoto. Akauliza aje na walimu wangapi. Nikasema chuo kizima.

Sasa natangaza, na mume wangu ameshaanza kupeleka salamu nyumba kwa nyumba, ndiyo adhabu yake ya kwanza. Waje waliotafuna mpaka masikio yakacheza, waje waliocheka, waje wanaoniita vile sokoni, hao nataka wakae karibu na trei. Waje na meno yao, ingawa hayatakuwa na kazi kubwa. Mlango utakuwa wazi kuanzia saa sita, nyama inakatwa saa saba na nusu na si dakika moja kabla, Jumapili, tarehe kumi na mbili Mei.